Rukuu Mbele ya Kioo: Miaka Yangu ya Kuuza Suruali za Theluji

Nyinyi mliobaki dukani mmeniuliza zaidi ya mara moja kwa nini mteja wa suruali za theluji huombwa ainame rukuu mbele ya kioo kabla hajafungiwa mzigo wake. Baadhi yenu mlidhani ni ucha Mungu wa yule mzee wa zamani. Yule mzee wa zamani ni mimi, na ucha Mungu haumo. Sasa nimestaafu, nina wakati, basi nakuandikieni tangu mwanzo wake, ili mkifanya mjue mnafanya nini.

Shule niliacha darasa la nane, mwaka ule baba na mama walipofariki mmoja nyuma ya mwengine. Tulikuwa watoto watano, mimi mkubwa, Salma wa mwisho, hata meno ya utoto hajaanza kung'oka. Tulikuwa na nyumba ndogo Hail, hapa Maskati, na tulikuwa na ami yetu, ndugu wa baba, mtu mwema mwenye mipango mingi. Mpango wake kwetu ulikuwa kutugawa. Zahra aende kwake, wavulana wawili waende kwa shangazi Quriyat, na Salma avushwe Unguja kwa watu wa mama.

"Ami," nikamwambia, "nna kazi."

"Kazi gani?"

"Kubeba maboksi, ghalani."

Akanitazama mabega. "Haya. Maadamu una kazi, wakae na wewe. Siku utakayokosa kazi, nawagawa, na usije ukanililia."

Ilikuwa haki kabisa, na sikumlaumu. Ila tangu siku hiyo kila kazi niliyoshika niliishika kwa mikono miwili.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nikapata kazi katika duka hili la Qurum. Wakati ule lilikuwa duka la vitu vya safari: masanduku, mahema, chupa za chai. Mwenyewe, Bwana Hilal, alikuwa amerudi kutoka maonyesho ya biashara Ulaya na shehena nzima ya suruali za theluji. Sisi tuliodhani amerogwa tulikuwa wengi. Kumbe alikuwa ameona mbali. Watu wa Maskati walikuwa wameanza kwenda Lebanoni, Irani na Uswisi likizo za majira ya baridi, na kila mmoja alikuwa akinunua nguo huko huko, kwa bei ya huko huko, huku akitetemeka.

Siku yangu ya kwanza, nje kulikuwa na joto la kukaangia yai. Ndani nilikabidhiwa rafu iliyofika mpaka dari, suruali nene, nyeusi, bluu na nyekundu, na mwalimu wa kunifundisha. Mwalimu huyo alikuwa Mkenya, jina lake Muriithi, mtu mfupi mpana aliyekulia chini ya Mlima Kenya. Kabla ya kuja Ghuba alikuwa akibeba mizigo ya wageni wanaopanda mlima ule mpaka kwenye theluji.

"Wewe Seif, umewahi ona theluji?" aliniuliza.

"Kwenye friji."

"Hiyo si theluji, hiyo ni uchafu wa friji. Sasa utauzia mtu nini na hujui kitu?"

Nikamwambia nitasoma lebo. Akacheka, akasema lebo imeandikwa na mtu anayetaka kuuza, na mlima hausomi.

Ijumaa iliyofuata alinipeleka Quriyat. Alikuwa na rafiki yake katika kiwanda cha barafu ya wavuvi, na alishapanga naye. Nikaingizwa kwenye chumba cha baridi nimevaa suruali ya aina ya kwanza, nikakalishwa juu ya pande la barafu. Baada ya muda nikatolewa, nikakaushwa, nikavishwa aina ya pili, nikarudishwa. Wanunuzi wa samaki walikuwa wakipita na makapu yao.

"Huyu anaatamia?" mmoja aliuliza.

"Muache," mwenzake akamjibu. "Yatatoka makuku."

Suruali ya kwanza ilikuwa nzuri kwa kuiangalia, lakini maji yalipita kwenye mshono wa makalio kabla sijamaliza kusoma Yasini. Ya pili ilikuwa na mishono iliyobandikwa utepe kwa ndani, na nilitoka mkavu. Tangu siku hiyo sijapata kusahau kuangalia mishono kabla ya rangi. Nyumbani wadogo zangu walinikimbia siku mbili kwa harufu ya nguru.

Hivyo ndivyo Muriithi alivyofundisha. Alikuwa na glavu nene, kuukuu, zimefungwa kwa uzi kwenye msumari karibu na kioo. Mteja huzivaa, kisha hujaribu kufungua na kufunga zipu za suruali. Zipu isiyofunguka kwa glavu haifai, kwa sababu huko hakuna atakayekuvulia. Alikuwa na bilauri ya maji. Humwagia maji kidogo kwenye goti la suruali na kumpa mteja kikombe cha kahawa. Kahawa ikimalizika na tone bado limesimama juu ya kitambaa kama shanga, suruali ni nzima. Alinifundisha kwamba anayeanza mchezo wa kuteleza juu ya theluji huketi zaidi kuliko kusimama, basi mpe nene. Mwenye kujua hutoka jasho, mpe nyepesi yenye zipu za kupitisha hewa mapajani. Ndani yake nguo ya pamba ni mwiko. Pamba ni nguo ya Maskati, hunywa jasho ikakaa nalo, na juu ya mlima jasho lile hugeuka barafu mgongoni. Na akina mama wapendao rangi nyeupe waambiwe kwa upole kwamba mtu wa nguo nyeupe kwenye theluji nyeupe hutafutwa mpaka jioni.

Mwisho wa yote, mteja huchuchumaa. "Chuchumaa mpaka chini, bana," Muriithi aliwaambia wote, wakubwa kwa wadogo. Suruali huonekana sawa kwa mtu aliyesimama. Anapokunja magoti ndipo inaposema kweli: inabana wapi, inapanda wapi, inashuka wapi.

Wadogo walichuchumaa. Wakubwa walikuwa wakikataa. Mtu aliyekuja na gari lake kubwa, kanzu imepigwa pasi, kilemba kimekaa, hataki kuchuchumaa mbele ya muuzaji. Muriithi hakuwaonea haya, na yeye walimsamehe kwa ugeni wake. Mimi nilikuwa mtoto wa nyumbani. Walijua ukoo wangu, na mimi niliwaonea haya. Kwa hiyo wateja wazito nilikuwa nikimwachia yeye.

Mwaka wangu wa pili Muriithi akaenda likizo kwao, na Bwana Nasser akaingia dukani.

Bwana Nasser alikuwa mtu wa Qurum, mwenye nyumba karibu na pwani, watu wake wametoka Unguja kama wangu. Alikuja alasiri akiwa na haraka, na vijana wake watatu wakubwa. Walikuwa wanakwenda Lebanoni kuteleza pamoja na mkwe wake, baba wa mume wa binti yake. Hawakutaka kuingia chumba cha kujaribia. Walikunja kanzu zao mpaka kiunoni wakavaa suruali juu ya wizari, ile nguo ya kujifunga ambayo kila mwanamume hapa huivaa ndani ya kanzu. Wizari moja ukiizungusha kiunoni ni unene wa mto mdogo. Nikaona kiuno kinabana, nikawapa saizi ya juu. Bado, nikawapa ya juu yake. Wakasimama mbele ya kioo, wakapendeza. Sikuwaambia wachuchumae. Ulimi uliinuka, ukarudi.

"Na hizi zinaburura," Bwana Nasser akasema. "Mimi nguo yangu haivuki kifundo cha mguu, ndiyo sunna, Seif. Zikate."

Nikasema hewala. Usoni pangu palikuwa na furaha tu: mteja mkubwa, suruali nne, na Muriithi hayupo. Nikazipeleka kwa fundi wa Ruwi, akazikata juu ya kifundo, mshono safi. Pamoja na upindo akakata ile nguo nyengine ya ndani yenye mpira, tuliyokuwa tukiiita soksi, ambayo kazi yake ni kukumbatia kiatu ili theluji isiingie. Vile vipande vinane nilivichukua nyumbani nikavifanya vitambaa vya kushikia sufuria. Nilijiona mwerevu.

Wiki tatu baadaye Bwana Nasser alirudi. Hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Alizungumza na Bwana Hilal, mimi nimesimama pembeni.

"Siku ya kwanza viatu vilijaa theluji kama ndoo. Vidole havikuwa vyangu. Hayo nayasamehe. Siku ya pili nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti kinachopandisha watu kwa waya. Tumefika juu, nikainuka. Mimi nikainuka, Hilal. Suruali ikabaki imekaa."

Bwana Hilal akamsogezea kiti.

"Mkwe wangu ndiye aliyenifunika kwa koti lake. Mkwe wangu!"

Alipoondoka, Bwana Hilal aliniita. "Ya Seif, watu hawa wana safari nyengine baada ya Idi. Bwana Nasser akinunua kwetu, utabaki. Akinunua kwengine, na wewe utatafuta kwengine."

Nyumbani Zahra alikuwa na akili ya kuusoma uso wangu. Aliniuliza, nikamwambia. Salma alikuwa anachora sakafuni, nikidhani hasikii. Asubuhi nilimkuta ameziweka nguo zake zote ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko umefungwa fundo, ameuweka mlangoni. "Nimejifungia mwenyewe," akaniambia, "ami asipate tabu." Niliufungua mfuko ule nikazirudisha nguo kabatini. Nikaenda kazini bila kunywa chai.

Muriithi akarudi kutoka likizo. Nikamweleza kila kitu, mpaka vitambaa vya sufuria.

"Ngoja. Walijaribu wakiwa na nini ndani?"

"Wizari."

"Na huko juu walivaa hiyo kikoi?"

"Nani avae wizari akateleze?"

Aliketi juu ya boksi akacheka mpaka akafuta macho. Kisha akaacha kucheka, maana aliwajua wadogo zangu kwa majina. "Sikiza. Hiyo makosa si ya mteja. Ni yako, uliona haya. Enda kwake. Lakini usiende kuuza. Enda kupima."

"Hatochuchumaa mbele yangu, Muriithi."

"Hiyo sasa tafuta mwenyewe. Mimi wananisamehe, wewe hawatakusamehe."

Nilichukua suruali mbili za saizi yake ya kweli, za aina mbalimbali. Moja yao nilikwenda nayo kwanza kwa fundi wa Ruwi na wazo nililokuwa nimelala nalo. Alasiri nikachukua teksi mpaka nyumbani kwa Bwana Nasser na sahani ya halwa mapajani.

Nilikaribishwa barazani. Mama yake, Bi Zuhura, alikuwa amekaa kwenye kochi la pembeni na tasbihi yake, bibi mwembamba aliyetoka Unguja na Kiswahili chake chote. Bwana Nasser aliniuliza hali, hali ya wadogo zangu, hali ya ami yangu, kila kitu kwa ukamilifu na bila tabasamu hata moja. Kahawa ikaletwa. Nikapokea kikombe, nikakiweka chini mbele yangu, sikukigusa.

Mnajua maana yake. Mgeni asiyekunywa kahawa ana haja, na mwenye nyumba hawezi kujifanya haoni.

"Nasser," akasema Bi Zuhura, "mtoto wa watu hajanywa kahawa."

"Nimeona, mama."

"Basi muulize."

Bwana Nasser akashusha pumzi. "Una haja gani, Seif?"

"Nna haja ya kukupima, sheikh. Kununua si lazima. Kupima tu, kama nilivyotakiwa nifanye siku ile, nisifanye."

"Nishapimwa. Na dunia nzima imeniona."

"Ndo hizo suruwali zilobaki kwenye kiti?" Bi Zuhura akauliza, na mabega yake yakaanza kutikisika. "Nenda kavae, mwanangu. Nami nnataka kuziona hizi ambazo zinakaa na mtu."

Nikamwomba aache wizari chumbani na avae suruali ndefu nyembamba ya ndani niliyomletea. Akarudi amevaa suruali ya kwanza. Ilimkaa vizuri mno, amesimama.

"Sasa, sheikh, nakuomba uchuchumae."

Akanitazama. "Nichuchumae?"

Alisimama vile vile, na mimi nikasimama vile vile, na kahawa yangu ikawa inapoa. Nikauwaza mfuko wa Salma mlangoni. Na hapo, nikitazama chini kwa haya, nikaona zulia, na miguu yake juu ya zulia, na nikafahamu kwamba mtu huyu, aliyekataa kuchuchumaa mbele ya muuzaji, huinama mpaka chini mara tano kila siku na haoni haya kwa mtu yeyote.

"Basi usichuchumae," nikasema. "Rukuu. Si sala, sheikh, hatuna nia wala kibla. Ni viungo tu. Rukuu, uende chini sijida, ukae kama unavyokaa kwenye tahiyatu."

Bi Zuhura akaacha kuhesabu tasbihi. Bwana Nasser alifikiri kidogo, kisha akaweka mikono magotini, akainama. Mgongo wa suruali ukakaa. Akaenda chini. Alipokaa kitako na kukunja mguu, akaguna.

"Inabana nyuma ya goti."

"Ungeijua hiyo mlimani," nikamwambia.

"Mtie nyengine," Bi Zuhura akaamuru.

Ya pili ilikuwa na goti lililokatwa kwa mkunjo, na mikanda ya mabegani, ambayo hata kiuno kikilegea suruali haina pa kwenda. Akarukuu, akaenda chini, akakaa, akainuka. Akarudia bila kuambiwa. Kisha akatazama miguu yake, na uso ukajifunga tena.

"Inavuka kifundo."

Hapo ndipo penye lile wazo langu. Nilipiga magoti nikamwonesha. Fundi alikuwa ametia vifungo vya kubana pembeni mwa kila mguu, safu mbili. "Ukiwa kwenye theluji mguu wako umo ndani ya kiatu kigumu mpaka hapa, kifundo hakionekani hata ukitaka. Unashusha, na soksi hii ya ndani inakumbatia kiatu. Ukitoka kwenye theluji, unakunja, unabana hapa. Kifundo wazi."

Akainama mwenyewe, akabana. Vifungo vikalia ta, ta. Akafungua. Akabana tena. Vijana wake walikuwa wamekusanyika mlangoni.

"Baba, na mimi nijaribu."

"Ngoja zamu yako."

Bi Zuhura akacheka wazi wazi sasa. "Loo, Nasser! Laiti ungelikuwa unasali kwa furaha hii."

Bwana Nasser akaja akachukua kikombe changu, akaimwaga ile kahawa baridi, akanitilia moto kwa mkono wake mwenyewe. "Kunywa," akasema. "Suruali nne. Na ya tano ya mkwe wangu, ili na yeye akipatwa awe na heshima ya kusitiriwa."

Nilikunywa. Ulimi uliungua na sikujali.

Nilipofika Hail, Salma alikuwa amekaa kizingitini.

"Tunakaa?" akauliza.

"Tunakaa," nikamwambia. Akainuka akaenda kumwambia Zahra aweke wali.

Tangu siku hiyo rukuu ikawa kipimo cha duka hili, na vile vifungo vya miguuni fundi wa Ruwi alivitia kwa miaka mingi. Muriithi, na Ukristo wake, aliniiga bila kuona taabu. Ungemsikia anawaambia wazee, "Rukuu, sheikh, rukuu kabisa," na wao wakatii. Wateja wasiosali aliwachuchumalisha kama zamani. Na juu ya mlango wa chumba cha kujaribia nikaandika kwa kalamu nene: WIZARI IBAKI NJE. Maandishi yale nimeyarudishia wino mara nyingi. Msiyafute.

Katikati ya miaka ya elfu mbili nchi jirani wakajenga theluji yao ndani ya jumba, jangwani, na watu wakawa wanakwenda kwa gari asubuhi na kurudi usiku. Tulipata wateja ambao hatukuwajua: walimu na madarasa yao, mabibi harusi, mzee mmoja aliyetaka suruali ya kukalia tu, awatazame wajukuu. Nilimuuzia nene, mishono ya utepe, na nikamweleza habari ya kiwanda cha barafu Quriyat. Muriithi alikuwa ameshatuaga. Alirudi kwao chini ya mlima na kuniachia glavu zake na uzi wake. "Ukiona theluji," aliniambia tukiagana, "niambie kama nilikudanganya."

Miaka ikawa inapita, na mimi sijaiona. Nilikuwa nikiivalisha miji mizima. Mwenyewe sikuwahi kuvaa suruali hata moja tangu zile mbili za kiwanda cha barafu.

Alhamisi moja alasiri waliingia dukani watu wanne kwa pamoja, wakicheka. Zahra alikuwa ameshakuwa mwalimu. Wale wavulana wawili walikuwa na ndevu na kazi zao. Salma alikuwa mwanafunzi wa uuguzi, na yeye ndiye aliyekuwa mbele.

"Tunataka suruali za theluji," akasema, kama hanijui. "Tunakwenda mwisho wa mwezi."

Niliwapima kama ninavyopima watu. Niliwavisha glavu, nikawamwagia maji magotini, nikawapa kahawa wasubiri tone. Niliwapanga mbele ya kioo, nikasema rukuu, wakarukuu. Mmoja ilimbana, nikambadilishia. Nikaanza kukunja suruali nne juu ya kaunta.

Salma akaweka ya tano.

"Hii ya nani?"

"Ya mtu mmoja. Tumeikisia."

Niliigeuza, nikaangalia mishono kabla ya rangi. Utepe upo. Goti lina mkunjo. Pembeni mwa miguu, safu mbili za vifungo. Walikuwa wameshapita kwa fundi wa Ruwi.

"Suruali haikisiwi," nikamwambia. "Hupimwa."

"Basi pima, kaka. Na wizari ibaki nje."

Niliingia chumbani nikaivaa. Nilipotoka walikuwa wamejipanga tena mbele ya kioo, wote na suruali zao, na kati yao wameacha nafasi ya mtu mmoja. Nikasimama pale. Wateja wengine walikuwa wakitutazama na sikuona haya.

"Rukuu," akasema Salma.

Nikaweka mikono magotini, nikainama. Goti langu la kulia lililia, suruali haikusema kitu. Nikageuza shingo kidogo, nikatazama safu kushoto na kulia. Tulikuwa watano.